Ukuta wa Rangi Mbili

Nyamahanga,
Jumamosi, alasiri.

Mwanangu Devotha,

Marahaba. Najua ukiuona mwandiko wangu kitu cha kwanza kitakachokutoka mdomoni ni shikamoo, basi nimeitikia mapema ili tusipoteze muda. Mama yako hajambo. Anakaanga karanga za safari yako huku amenuna, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Usishangae kupata barua wakati simu zipo. Simu nimejaribu. Nikianza tu kusema jambo la maana unaniambia, "Baba, mtandao unakatika," na mimi nabaki naongea peke yangu kama mhubiri aliyekimbiwa na waumini. Barua haikatiki. Ukichoka unaiweka, ukipumzika unaiokota, na wala haikununii.

Nakuandikia nikiwa hapa shuleni Mugera, kwenye chumba cha darasa la kwanza, nimejibana katika dawati la watoto mpaka magoti yanagusa mbao. Leo hakuna mtu isipokuwa mbuzi wa jirani anayekula miche tuliyopanda juzi. Nimemtupia kokoto mara mbili. Ameniangalia, akaendelea kula. Nimeona nimwache, maana nikianza kumkimbiza mbuzi barua hii haitaandikwa, na leo lazima iandikwe.

Kesho unakwenda Ngara kuanza kazi ya utendaji wa kijiji. Juzi ulituambia, kwa upole wako uleule, kwamba basi linapita Nyakahura asubuhi mapema, kwa hiyo utalala kwa shangazi yako Verediana na kuondokea huko. Nilisema sawa. Mama yako naye akasema sawa. Ulipoondoka tukakaa tunaangalia kiti ulichokuwa umekalia. Nina ombi juu ya jambo hilo, lakini nitaliandika mwishoni. Nakujua. Nikiliandika sasa utaliruka kwenda kulijibu, na haya mengine hutayasoma.

Habari za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kutomkopesha mtu usiyemjua, hizo mama yako ameshakuambia na atakuambia tena. Mimi nataka tuongee juu ya kazi yenyewe. Unakwenda kuitisha mikutano, kuandika mihtasari, kusimamia michango ya shule na kukaa katikati ya watu wasiopendana. Nikwambie kweli, kazi hiyo unayoiendea ndiyo iliyokuondoa hapa nyumbani mara ya kwanza. Watu wanasema kesho Devotha anaondoka kwao. Mimi najua uliondoka ukiwa na miaka saba, na nilikuondoa mimi, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

Sehemu ya habari hii unaijua. Ulikuwepo, ulikuwa unatembea nyuma ya mama yako na kidumu chako kidogo cha maji. Lakini mtoto huona miguu ya wakubwa, haoni nyuso zao.

Wakati ule kijiji chetu hakikuwa na shule. Shule ilikuwa ng'ambo ya msitu, na njia yake hata mtu mzima akiipita jioni anaongeza mwendo. Tukaomba na kuomba, mpaka halmashauri ikatujibu kama inavyovijibu vijiji vyote: pandisheni boma la madarasa mawili mpaka kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, nasi tutaleta mbao, bati na fundi wa kumalizia. Tuanze na shule shikizi ya wadogo, ikikua itasajiliwa. Shule nyingi za huku zimezaliwa hivyo. Kuta ni za wananchi, paa ni la serikali, na kati ya kuta na paa kuna miaka ya kungoja. Ukisafiri kesho, angalia kando ya barabara utayaona maboma yamesimama bila kofia, mengine yameota majani juu. Kila moja lina hadithi yake, na usidhani kila mara hadithi ni ya serikali kuchelewa.

Tatizo letu lilikuwa mahali pa kujenga. Kijiji kina vitongoji vingi, lakini vyenye watu na vyenye maneno ni viwili. Kasozi huku juu kwetu, Wasubi ambao mababu zetu wamezikwa hapa. Na Mugera huku bondeni, familia zilizokuja kutoka Burundi, zikalima, zikazaa, zikawa watu wa hapa. Kwa mama yako ni Mugera. Yeye alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa bibi yako, hajui nchi nyingine zaidi ya hii. Nilipomwoa watu wa Kasozi walicheka, watu wa Mugera nao wakacheka, na sisi tukacheka kuwashinda wote. Kwa hiyo ungetegemea mimi, kuliko mtu yeyote, niwe daraja. Daraja gani! Nilikuwa ukuta.

Niliitaka shule Kasozi. Si kwamba Kasozi palifaa kuliko Mugera. Nilitaka nikipita niseme, hii niliileta mimi mlangoni kwetu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio uliotakiwa kuamua, na mtendaji wa wakati ule alikuwa kijana mgeni, hajui njia za hapa. Akaniuliza, "Mwenyekiti, tuuweke siku gani?" Nikamwambia Jumatano.

Wewe unajua Jumatano ni nini. Ni gulio la Nyakahura. Watu wa Mugera wanaishi kwa nyanya na vitunguu vya bondeni, na siku ya gulio kitongoji kizima kinakuwa barabarani tangu alfajiri. Nilijua. Kila aliyehudhuria alijua. Tangazo lilibandikwa, akidi ikatimia, kura ikapigwa, muhtasari ukaandikwa vizuri, na hakuna sheria hata moja iliyovunjwa. Nalisema hilo uliangalie vizuri, kwa sababu utakutana nalo. Mtu anaweza kuwaibia watu mkutano wao na karatasi zote zikawa safi.

Jioni mjomba wako Bukuru alikuja nyumbani moja kwa moja kutoka gulioni, vikapu vitupu bado viko kwenye baiskeli.

"Shemeji, nasikia mmepiga kura."

"Tumepiga."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

"Mlialikwa. Tangazo lilibandikwa pale ofisini."

"Likasomwa na nani, mbuzi?" Alimwangalia mama yako, mama yako akaangalia chungu. "Haya. Serikari yenu imepiga kura ya mikono. Na sisi tutapiga yetu, ya matofari."

Nilicheka. Nilidhani ni hasira za njaa. Wiki haikuisha, moshi wa tanuri ukaonekana Mugera.

Basi kijiji kimoja kikaanza kujenga maboma mawili ya shule moja. Nakwambia hatujawahi kufanya kazi kama ule mwaka. Watu ambao ukiwaita kuchimba choo cha zahanati wanaumwa mgongo, walifyatua matofali kwa mbalamwezi wakiimba ili ng'ambo ya pili wasikie. Mugera wakiongeza kozi mbili za matofali, sisi tunaongeza tatu. Diwani alipopita alitusifu kwa moyo wa maendeleo. Hayakuwa maendeleo, mwanangu, yalikuwa matusi yaliyopangwa kwa matofali.

Na mama yako? Mchana alisomba maji ya kufyatulia matofali ya Kasozi, kwa sababu ni mke wangu. Alfajiri, kabla sijaamka, alisomba ya Mugera, kwa sababu ni dada yake Bukuru. Ulidhani ule ulikuwa mchezo, kuteka maji mara mbili kwa siku. Mimi nilijua na nilijifanya nimelala. Ningemkataza angeniuliza kwa nini, na sababu sikuwa nayo.

Maboma yote mawili yakafika lenta karibu pamoja. Halafu, kana kwamba Mungu anatania, fedha zikaja. Za kumalizia boma moja.

Kamati ya maendeleo ya kata ikatuita. Diwani akasema, "Hapa nina kuta za shule mbili na paa la shule moja. Nendeni mkakubaliane, mniletee muhtasari wenye sahihi za pande zote." Mwalimu mkuu wa ile shule ya ng'ambo ya msitu, ambaye ndiye katibu wa kamati yetu, alitubembeleza mpaka nikamwonea aibu. Alisema, "Wazee, paa likiwa popote mtoto hanyeshewi." Bukuru akasema yuko tayari kuzungumza kama tutarudia kura siku isiyo ya gulio. Mhandisi alikuja akapima, akasema Mugera pana ardhi kubwa ya kuongeza madarasa baadaye, Kasozi pamebana. Yaani kila kitu kilikuwa kinaniambia ukweli, nami nikaziba masikio.

Nitakwambia nilichokuwa nakiogopa, nacho ni kidogo mpaka naona haya kukiandika. Niliogopa watu wa Kasozi waseme nimeongozwa na mke. Basi. Hakuna kingine. Mtu mzima, mwenyekiti, mwenye baiskeli mpya, nilikataa paa la watoto kwa sababu ya kicheko cha wanaume sita wanaokunywa pombe kwa Mzee Rwegoshora.

Januari ikafika tukiwa katikati ya ubishi huo, na wewe ulitakiwa kuanza darasa la kwanza. Msitu usingeweza kuupita peke yako. Shangazi yako Verediana akasema, mleteni kwangu, shule iko ng'ambo ya barabara tu. Mama yako alikukunjia nguo kwenye lile begi la bluu lililokatika zipu, akalifunga kwa kamba ya katani. Hakulia. Afadhali angelia. Nikakupakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na pale tulipofika kwenye mteremko, ambapo maboma yote mawili yanaonekana, moja juu na jingine chini, uliniuliza swali.

"Baba, mkimaliza kubishana nitarudi?"

Nikacheka. Niliona ni maneno ya kitoto. Nikakwambia, "Ndiyo, mwezi wa saba utarudi, paa litakuwa tayari."

Sasa sikiliza desturi ya fedha ya serikali, maana utaishi nayo. Mwaka wake unakwisha mwisho wa mwezi wa sita. Isipotumika inarudi ilikotoka. Haiulizi nani alikuwa na haki. Mwezi wa nne tulikuwa na kikao, hatukuelewana. Mwezi wa tano tulikuwa na vikao viwili, cha pili kikaisha kwa Bukuru kutoka na kiti chake alichokuja nacho. Mwezi wa sita nikajipa moyo kwamba watatuongezea muda, maana tumejenga kwa nguvu zetu wenyewe, hawawezi kutuacha. Wakaturuka. Paa letu likaenda kuezeka shule ya kata nyingine, ambayo watu wake walikuwa wamejenga boma moja, tena baya kuliko yetu yote mawili. Niliposikia habari niliikasirikia halmashauri siku nzima. Ilinichukua muda mrefu sana kukasirikia mtu aliyestahili.

Mwezi wa saba nikaja Nyakahura kukusalimia. Nilikuletea ndizi mbivu. Nikakukuta mlangoni kwa shangazi yako, umevaa gauni la kanisani, umekalia lile begi la bluu. Umeshalifunga mwenyewe kwa ile kamba, fundo juu ya fundo. Verediana akaninong'oneza kwamba umekaa hapo tangu asubuhi, na jana yake pia. Ulisikia mwezi umeitwa wa saba, ukajua ni leo.

Nikakupa ndizi. Ndicho nilichofanya, Devotha. Nikakupa ndizi, nikasema, "Bado kidogo." Ukasema, "Sawa, Baba," ukasimama, ukaliburuza begi ndani. Hukulia wala hukuuliza tena, si siku ile wala siku nyingine. Na mimi nikapanda baiskeli nikarudi nimeshika usukani kama mlevi. Tangu siku hiyo kila mtu akisema neno "sawa" kwa upole namna ile, naliona lile begi likiburuzwa. Juzi ulipotuambia utalala kwa shangazi, mimi ndiye niliyesema sawa. Nilijisikia nikilisema.

Mvua zikaanza kula kuta. Ile ni tofali ya kuchoma lakini tulijengea udongo, na ukuta usio na paa ni kama mtu asiye na kofia jua la saa saba, mwisho anaanguka. Watu wakachoka, wakakoma hata kutukanana. Vizazi vya darasa la kwanza vikapita, wengine wakapitia msituni wakiwa wakubwa, wengine hawakupita kabisa. Nawaona leo gulioni, wananisalimia vizuri, shikamoo mwenyekiti. Nawaitikia.

Aliyetutoa kwenye shimo ni mama yako, na hakuitisha mkutano. Asubuhi moja, siku isiyo ya gulio, alipanda Kasozi na ngata kichwani. Akaanza kutoa matofali kwenye boma letu, juu kabisa ambako udongo ulikuwa umeshalegea, akapanga manne, akajitwisha, akashuka nayo Mugera. Akarudi. Akatoa mengine. Watu wakakusanyika. Mzee mmoja akamuuliza kwa ukali, "Mama Devotha, unafanya nini?"

Akajibu bila kusimama, "Nachukua maji yangu."

Kwanza walicheka. Halafu mwanamke mwingine akafunga kanga kiunoni, akasema hata yeye ana maji yake mle. Maana ukifikiri ni kweli, karibu kila tofali la lile boma lilifyatuliwa kwa maji yaliyotoka kichwani kwa mwanamke, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa shule iwe wapi. Mpaka jioni ilikuwa foleni. Mimi nilikaa nyumbani nimefunga mlango, nikisikia wanavyopita wanaongea na kucheka. Kesho yake nilitoa baiskeli, nikaenda kupakia matofali. Nilipofika Mugera na shehena ya kwanza Bukuru alinitazama kwa muda, nikajua anachagua tusi. Akasema, "Shemeji, hayo ya kwako ni mekundu sana. Yataharibu ukuta wangu." Nikamwambia, "Ya kwako yamepauka kama uji wa mgonjwa." Tukayashusha.

Ndiyo sababu ukuta ninaoutazama sasa hivi una rangi mbili. Chini hadi kifuani, palipobakizwa na mvua, ni udongo mweupe wa bondeni, juu ni wekundu wa Kasozi. Fundi alitaka tupige plasta pafanane. Kamati ikakataa kwa kauli moja, na kwa kamati yetu kauli moja ni muujiza. Watoto wa hapa wakifundishwa rangi, mwalimu anawageuza kuelekea ukutani.

Paa lilichukua miaka mingine, kwa sababu ukitoka kwenye foleni ya halmashauri, ukirudi unaanzia nyuma kabisa. Lilipopigwa bati la mwisho nilikuja Nyakahura mbio, sikusimama hata kunywa maji. Ulikuwa darasa la tano, wa kwanza darasani, umerefuka, unamwita shangazi yako "Mama" na mimi unaniita "Baba wa Nyamahanga." Nikakwambia shule iko tayari, twende nyumbani. Shule yenyewe ilikuwa ya wadogo tu, hata darasa lako halikuwepo. Nilikuwa naomba kitu kisichokuwepo. Ukaniangalia kwa huruma, mtoto wa umri ule, ukasema, "Nimeshazoea, Baba."

Simlaumu Verediana. Amekulea vizuri kuliko ambavyo ningekulea mimi, na nikimuona nataka kupiga magoti ila angenicheka. Lakini amepata miaka yangu.

Sasa naona nimeanza kukaribia kuhubiri, na mama yako angekuwa hapa angenikanyaga mguu. Niseme machache ya kazi niache.

Watu watakwambia shule za vijijini hazina fedha. Ni kweli, ni kidogo. Utaona ruzuku inaingia kwenye akaunti ya shule kutoka juu, imehesabiwa kwa vichwa vya watoto, inatosha chaki, karatasi za mitihani na kitasa cha mlango, basi. Mshahara wa mwalimu unatoka serikalini, na mwalimu mwenyewe analetwa kutoka huko. Bati linatoka halmashauri. Uji unatoka kwa wazazi, na wazazi watakwambia elimu ni bure, kwa nini watoe mahindi, na utaeleza mpaka koo likauke kwamba bure haina sufuria. Vyote hivyo vina mahali vinapotoka, na kuna ofisa wa kumuuliza. Kukubaliana hakuletwi na mtu. Hakuna basi linalokushusha. Kunatoka palepale kijijini au hakupo, na siku kusipokuwepo hata fedha ikija itageuka njiani.

Kwa hiyo usiitishe mkutano siku ya gulio. Utashawishiwa, na atakayekushawishi atakuwa mtu mzuri, anayekukaribisha chai, aliyechaguliwa na wazazi, kama mimi. Atakuambia akidi itatimia. Wewe muulize nani hatakuwepo. Na kura ikiwa imekwisha, zunguka nyuma ya mkutano ambako wanawake wanakaa na watoto, uwaulize wao nani atabeba maji.

Kuna lingine. Kijiji chako kiko karibu na Benaco. Mimi niliijua Benaco ile ya wakimbizi, nilipokuwa kijana nikipeleka ndizi kwa baiskeli, watu ni wengi kuliko miti na miti yenyewe imekwisha. Huko utakuta Wahangaza wenyeji, utakuta walioingia zamani, walioingia juzi, na wasiopenda kuulizwa waliingia lini. Mtu wa namna hiyo kwenye mkutano hanyanyui mkono. Anakaa karibu na njia. Bukuru aliniambia baadaye kwamba hata siku ile angekuwepo, huenda asingesema neno, kwa sababu mtu aliyewahi kukimbia hujifunza kutoongeza sauti. Alisema, "Tuliona ni rahisi kujenga kuriko kusema." Hilo limenikaa. Ukiona watu wanajenga kimya kimya, nenda ukawaulize walitaka kusema nini.

Na usiogope ubishi. Mimi na Bukuru tuko wote kwenye kamati sasa, na kila kikao tunabishana. Juzi ilikuwa uji wa shuleni, kama mtoto ambaye mzazi wake hajachanga apewe au akae pembeni. Bukuru akasema wapewe wote. Nikasema wakipewa wote nani atachanga tena. Akasema, "Shemeji, wewe umeshawahi kumwacha mtoto anangoja." Nikasema wapewe wote. Tunabishana, mwanangu, lakini siku hizi jua halizami kabla hatujamaliza.

Jua lenyewe linaelekea kuzama. Mbuzi amemaliza miche, ameridhika, amekwenda. Naandika haraka maana nataka barua hii ikufikie kabla giza halijaingia.

Ombi langu ni hili. Najua basi linapita Nyakahura. Najua kulala kwa shangazi ni akili, na kurudi huku ni kuzunguka. Najua pia kwamba kwako "nyumbani" ni neno lenye milango miwili, na wa kwangu niliufunga mwenyewe. Huna deni kwetu. Ukisema hapana, kesho asubuhi mimi na mama yako tutakuwa kituoni Nyakahura na karanga zako, tutakupungia mkono kama watu wengine, na hutasikia neno tena.

Lakini Fideli wa bodaboda anayekuletea barua hii nimemlipa kwenda na kurudi, na kurudi nimemlipia abiria na begi. Alfajiri atakupeleka kwenye basi, nami nitakuwa nyuma yake na baiskeli mpaka nitakapochoka. Verediana nimempigia simu. Amelia kidogo, kisha akasema nimechelewa sana kuuliza, lakini niulize.

Miaka ile, pale kwenye mteremko, uliniuliza swali nikakujibu kwa kicheko. Mwezi wa saba nikakujibu kwa ndizi. Nakujibu sasa.

Tumemaliza kubishana, Devotha. Rudi.

Baba yako